Kasha la Kufuli Tatu

Mwanamke auzaye maandazi kijijini apata fedha kila siku, lakini mwisho wa mwezi hana ya kununulia unga. Kwa nini? Rasilmali na faida zimefungwa katika pindo moja la kanga; mtoto akiugua, zote hutoka pamoja.

Katika nchi ya Niger, upande wa Maradi, shirika la CARE lilianza mwaka 1991 kuwafundisha wanawake wa vijijini kuweka akiba kwa vikundi. Fedha hutiwa katika kasha la kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Hesabu husemwa mbele ya wote, hata asiyejua kusoma aikumbuke. Nami naona somo ni hilo hasa, kuliko kasha. Akopaye hurudisha na ziada kidogo, na baada ya muda kama wa mwaka hugawana. Tanzania twavijua vikundi vya namna hii kwa jina la VICOBA.

Ninyi waalimu, jaribuni shuleni. Watoto na wakaange mihogo, waiuze, waandike bei ya mafuta na kuni, hata na kazi ya mikono yao, ambayo wazazi wao husahau kuihesabu.