Kompyuta ya zawadi: Kwa nini ikifika nyumbani inagoma?

Na Mwandishi Wetu

Kila msimu wa kontena ukiwadia, ndugu zetu walioko Marekani, Uingereza na Uarabuni hujaza maboksi. Nguo, viatu, runinga, na siku hizi hakikosi kitu kimoja: kompyuta iliyokwisha tumika. Mtoto wa dada ameingia chuo, shule ya kijijini imeomba msaada, au shemeji anataka kufungua duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Kompyuta iliyokuwa inafanya kazi vizuri kabisa Houston au Reading inafika Tabora, inachomekwa kwenye umeme, na hapo ndipo simu za ughaibuni zinapoanza kulia saa nane za usiku.

Tumeona tuliandike jambo hili kwa sababu lawama zinazofuata nyingi hazina msingi. Aliyetuma anadhani aliyepokea kaiharibu. Aliyepokea anadhani katumiwa takataka. Kumbe mara nyingi chanzo ni kitu kidogo ambacho kingeweza kurekebishwa kwa dakika kumi kabla boksi halijafungwa.

Tuanze na umeme

Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120. Tanzania, Kenya na Uganda ni volti 230 hadi 240, yaani karibu mara mbili. Laptopu nyingi hazina taabu, maana chaja yake imeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Hiyo inakula umeme wa popote, inachotaka ni plagi tu. Walioko Uingereza na Oman wana nafuu zaidi, kwani plagi yao ya pini tatu bapa ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwetu.

Tatizo ni kompyuta za mezani, hasa za zamani. Nyuma yake, karibu na pale waya unapoingia, baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Ikiwa imetoka Marekani, swichi hiyo iko kwenye 115. Ukiichomeka Dar es Salaam bila kuigeuza utasikia mlio, utanusa harufu ya kuungua, na safari ya kompyuta hiyo imeishia hapo. Kuigeuza kunahitaji ncha ya bisibisi na sekunde tano, waya ukiwa umechomolewa.

Printa za leza ni kesi nyingine. Ndani yake kuna kifaa cha joto kinachogandisha wino wa unga kwenye karatasi, na kwa kawaida hutengenezwa kwa volti za aina moja tu. Printa ya leza ya Marekani itahitaji transfoma kubwa na nzito, ambayo bei yake inaweza kufuta faida yote ya kupewa printa bure. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji hugawa katriji za wino kwa kanda za dunia, kwa hiyo ya Nairobi yaweza kukataliwa na printa iliyonunuliwa Ulaya. Ushauri wetu: printa inunuliwe huko huko nyumbani.

Saa inaporudi nyuma

Hili huwachanganya wengi. Kompyuta inawaka vizuri, intaneti ipo, lakini kila ukifungua barua pepe au tovuti ya benki unaambiwa si salama. Watu hudhani ni virusi. Tazama kwanza tarehe kwenye kona ya skrini. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, ugonjwa umeshajulikana.

Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, ambayo kwa nyingi ni CR2032 ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa wakati mashine imezimwa. Kompyuta iliyokwisha zeeka, ikakaa miezi stoo na baharini, betri hiyo hufa. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kivinjari hukilinganisha na saa ya kompyuta. Saa ikiwa ya uongo, cheti halali nacho huonekana cha uongo. Dawa ni kubadili betri, ambayo hupatikana hata kwa mafundi wa saa, kisha kurekebisha tarehe.

Keibodi, karatasi na mistari myekundu

Kompyuta iliyotoka Marekani ikipangwa kwa keibodi ya Uingereza, au kinyume chake, alama ya @ na alama za kunukuu hubadilishana nafasi. Mtu anaandika nywila yake sahihi mara tatu na kukataliwa mara tatu, kwa sababu nywila huonyeshwa kwa vidoti na haoni alichokiandika. Kwa zile zinazotoka Ghuba, ambazo mara nyingi zina Kiarabu pamoja na Kiingereza, mkono ukigusa Alt na Shift kwa pamoja herufi zinaanza kutoka za Kiarabu. Si uchawi. Gusa tena hivyo hivyo, zitarudi.

Halafu kuna karatasi. Marekani hutumia saizi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Programu iliyopangwa Kimarekani hutuma barua ya saizi ya Letter, na printa inabaki imekaa kimya ikiomba karatasi ambayo ni nadra kuiona madukani kwetu. Mwanafunzi amesimama na tasnifu yake, foleni ni ndefu, na tatizo lote ni neno moja kwenye mpangilio wa ukurasa.

Na ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili? Kompyuta inasoma Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza. Lugha ya waraka ikibadilishwa kuwa Kiswahili, mistari inapungua au inatoweka. Lugha yetu si ngeni humo: tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Aibu ni kwamba wengi wetu hatujawahi kufungua ukurasa wa lugha tukaichagua.

Ufunguo uliobaki ng'ambo

Makosa yanayoumiza kuliko yote ni ya nywila. Kompyuta inatumwa ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe, na msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye simu iliyoko Marekani. Nyumbani ni saa tatu asubuhi, New York bado ni usiku wa manane. Kompyuta za Apple za miaka ya karibuni zaweza kufungwa kabisa mpaka mwenyewe aondoe akaunti yake. Na zile zilizotoka maofisini huweza kuwa bado ziko chini ya usimamizi wa kampuni. Ondoa akaunti, futa kila kitu, weka mfumo upya. Hiyo pia ni usalama wako wewe uliyetuma, maana ndani yake mna kodi zako, picha zako na namba zako za benki.

Windows 10 imefika mwisho

Hapa kuna jambo kubwa zaidi. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki, lakini matundu mapya ya usalama hayazibwi tena kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa ujumla, ni za kuanzia miaka ya 2017 na 2018. Maofisi ya ng'ambo yakitoa mashine zisizofikia vigezo hivyo, sisi ndio tunaopewa.

Je, tuzikatae? Si lazima. Linux, kwa mfano Ubuntu au Mint, ni ya bure na huendesha vizuri mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Kwa mwanafunzi wa kuandika insha na kusoma mtandaoni inatosha. Lakini iwekwe na kusasishwa huko huko uliko, kwenye intaneti isiyopimwa. Kompyuta ikianza kushusha masasisho kwa bando la simu huko kijijini, bando la wiki laweza kwisha kabla ya chakula cha mchana.

Ile iliyokufa kabisa usiitume kwa matumaini kwamba mafundi wa nyumbani watafufua maiti. Tangu Januari 1, 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yameweka taka zote za kielektroniki chini ya utaratibu wa kuomba ridhaa ya nchi inayopokea. Kompyuta mbovu ndani ya kontena ni taka, hata ukiifunga kwa utepe.

Ndugu zetu, kabla ya kufunga boksi iwasheni, itazameni tarehe, igeuzeni swichi, ondoeni akaunti, na muandike nywila ya kuanzia kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini yake. Mpokeaji ataanza kazi siku hiyo hiyo, nanyi mtalala usingizi.