Usiache Mbachao: Reggie Jackson na Mwenye Yankees

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako ni mkuukuu, pembeni umefumuka, lakini ni wako na umeuzoea. Watu wa New York waliionja maana ya maneno hayo mwaka 1982.

Timu yao ya besiboli, Yankees, ilikuwa na Reggie Jackson, mlinzi wa nyuma upande wa kulia na mpigaji hodari. Mchezo huo ni jamaa ya kriketi: mmoja hurusha mpira, mwenziwe huupiga kwa kigongo, na sifa kubwa ni kuupaisha hadi nje ya uwanja. Usiku wa tarehe 18 Oktoba 1977, katika fainali dhidi ya Dodgers wa Los Angeles, Jackson aliutoa mpira mara tatu. Kikombe kikarudi kwa Yankees, waliokikosa tangu 1962.

Mwaka 1980 aliutoa mara 41. Mwaka 1981 wachezaji waligoma tangu Juni hadi Agosti, msimu ukakatika, naye akaishia mara 15. Mwenye timu, George Steinbrenner, akamshurutisha akapimwe afya, kana kwamba ni ng'ombe wa mnadani. Mkataba ulipokwisha, Jackson ana miaka 35, hakupewa mwingine. Steinbrenner alitaka wepesi wa mbio, akawaleta Ken Griffey na Dave Collins. Januari 1982 Jackson akatia saini kwa Angels wa California.

Basi tarehe 27 Aprili akarejea uwanja ule ule kwa jezi ya wageni. Akamkabili Ron Guidry, mrushaji mashuhuri wa Yankees, akautoa mpira. Wenyeji hawakumzomea. Waliliimba jina lake, kisha wakamgeukia tajiri wao kwa matusi.

Msimu ulipomalizika Jackson alikuwa ameutoa mpira mara 39, na katika ligi ya American hapakuwa na aliyempita. Angels waliongoza kundi lao. Yankees walishinda mechi 79 wakashindwa 83, wakapitia makocha watatu katika msimu mmoja. Mechi za kuwania ubingwa hawakuziona tena hadi 1995.

Tuseme haki: Steinbrenner hakukosa hoja. Uzee hauna hodi, na mwaka 1983 Jackson alishuka vibaya, akautoa mara 14 tu. Lau angengojewa mwaka mmoja, pengine pasingekuwa na lawama. Kosa ni kumpima mtu kwa pishi iliyovunjika, yaani msimu uliokatwa na mgomo, na kuusahau wa 1980 uliokuwa mzima. Kosa la pili ni kudhani miguu hufanya kazi ya mikono. Mkimbiaji hushika nafasi ya mkimbiaji mwenziwe, hashiki ya mpigaji.

La tatu ndilo zito zaidi. Hata talaka ina adabu yake, kuachana kwa wema. Kumwacha mkongwe si dhambi, maana kila timu lazima ijifanye upya. Lakini ukimdhalilisha kwanza, umati huweka hesabu, nao hausahau upesi. Yankees wenyewe walikuja kulipa deni: mwaka 1993 waliistaafisha jezi yake nambari 44, asiivae mwingine. Ilikuwa heshima ya haki. Ingemfaa zaidi miaka 12 kabla, mkongwe angali ana nguvu za kuwashindia.