Saksafoni ndogo ikikataa kuimba, chunguza kipulizio na ridi kabla ya kumlaumu mtoto

MTAALA wa Umilisi ulipofika Gredi ya Nne mwaka 2020, wazazi wengi nchini walijikuta wakinunua filimbi ya plastiki ya rekoda pamoja na vitabu na penseli. Kelele zake zilisikika hadi mashambani, na Tongaren katika Kaunti ya Bungoma haikusazwa. Baadhi ya watoto wale wameshazoeza vidole vyao na sasa wanaitamani saksafoni, ala ambayo masikio ya Afrika Mashariki yameizoea tangu zama za OK Jazz, alipokuwa akiipuliza Verckys Kiamuangana Mateta, aliyefariki mwaka 2022.

Saksafoni kamili ni ya shaba, ni nzito na bei yake huwashinda wengi wanaotegemea mavuno ya mahindi. Ndiyo sababu ala ndogo za plastiki zimepata wateja. Inayojulikana zaidi ni Venova, iliyotolewa na kampuni ya Yamaha ya Japani mwaka 2017. Mpangilio wa vidole vyake unakaribiana na ule wa rekoda, kwa hivyo mtoto aliyefunzwa shuleni haanzi na sifuri.

Tatizo ni kwamba vidole vinajua lakini mdomo haujui. Rekoda huimba kwa pumzi yoyote ile. Saksafoni haiimbi mpaka ridi itetemeke. Siku mbili baada ya ala kufika nyumbani husikika mvumo wa hewa tupu, kisha mlio kama wa bata bukini, kisha kimya. Mtoto huambiwa hana kipaji, na ala iliyogharimu fedha za karo hupandishwa juu ya kabati. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki, kwa maana kosa limo katika vipande viwili vidogo ambavyo hakuna aliyevichagua kwa makini.

Kipande cha kwanza ni kipulizio, yaani sehemu ambayo mpigaji huitia mdomoni. Cha pili ni ridi, ulimi mwembamba wa tete unaofungwa chini ya kipulizio kwa kibano. Pumzi ikipita kati ya viwili hivyo, ridi hufunga na kufungua pengo lililo nchani mara mamia kwa sekunde, na hiyo ndiyo sauti.

Wakazi wa eneo hili wamezoea korneti na tromboni za Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi nchini Kenya mwaka 1921. Ala hizo zina kipulizio cha kikombe na kinachotetemeka ni midomo ya mpigaji mwenyewe. Kikombe cha chuma hurithiwa na vizazi. Ridi ni kama utambi wa taa: huisha, na asiyeweka akiba hukaa gizani. Anayenunua saksafoni ndogo na kusahau hesabu ya ridi amenunua taa bila utambi.

Kuhusu kipulizio, la kutazama kwanza ni ukubwa wa pengo la nchani. Watengenezaji huliandika kwa nambari, na kwa kawaida nambari ikipanda pengo hupanuka. Venova huja na kipulizio cha 4C, ambacho pengo lake ni dogo na kinamfaa anayeanza. Hakuna haja ya kukibadilisha katika miezi ya mwanzo, hata kama muuzaji atasifu kingine cha chuma kinachong'aa. Pengo pana hudai pumzi nyingi na misuli ya midomo ambayo mtoto hajaijenga. Wapigaji wa jukwaani hulipenda kwa sababu huwapa sauti kubwa. Katika sebule ya Naitiri sauti kubwa si hitaji la mtu yeyote.

Jambo la pili ni kipimo. Venova ya kwanza hupokea kipulizio na ridi za saksafoni ya soprano, ilhali ile kubwa yake, iliyotoka mwaka 2019, hupokea za alto. Zaphuni, kijifilimbi kingine kinachouzwa kama saksafoni ya mfukoni na kuandikwa Xaphoon, hutumia ridi ya tena. Zipo pia saksafoni ndogo zisizo na jina zinazouzwa mtandaoni, ambazo mnunuzi hana budi kuuliza kipimo chake kabla ya kulipa. Ridi ya alto ni pana kuliko ya soprano na haitakaa sawasawa juu ya kipulizio cha soprano hata ikibanwa vipi. Aliye Tongaren na anayeagiza kutoka Nairobi hupoteza nauli na siku kadhaa kwa kosa hilo moja.

Ridi nazo zina nambari za ugumu, kuanzia karibu 1½ hadi 5, zikipanda kwa nusu nusu. Kwa anayeanza, 2 inatosha, na mtoto mdogo anaweza kuanza na 1½. Nambari za makampuni hazilingani: 2½ ya Vandoren huhisiwa kuwa ngumu kuliko 2½ ya Rico, kwa hiyo anayebadili kampuni asiamini nambari peke yake. Ridi ikiwa ngumu kupita kiasi, hewa huvuma kuliko sauti na midomo huuma baada ya dakika chache. Ikiwa laini mno, sauti huwa nyembamba na hufungika mtoto akipuliza kwa nguvu. Pengo likiwa pana, ridi na iwe laini.

Tete lenyewe ni la jamii ya Arundo donax, na lenye sifa zaidi hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa, kisha huanikwa muda mrefu kabla ya kuchongwa. Anayefikiri atakata tete kando ya mto Nzoia na kulichonga kwa kisu akumbuke kwamba ncha ya ridi hukaribia unene wa sehemu ya kumi ya milimita.

Hali ya hewa pia ina neno lake. Mji jirani wa Kitale uko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na wapigaji wengi husema ridi huwa ngumu zaidi nyanda za juu. Kiangazi cha Desemba hadi Machi huikausha hadi ncha ikajipinda kama jani. Dawa yake ni kuilowesha kwa maji safi dakika mbili au tatu kabla ya kupiga, na kuihifadhi ikiwa imelala bapa ndani ya kikasha kinachofungika. Mtoto awe na ridi tatu au nne za kupokezana. Ridi ya plastiki, kama ile inayokuja na Venova, haihitaji kuloweshwa na hudumu zaidi; kwa nyumba iliyo mbali na duka la muziki, hiyo huenda ikawa akiba bora ingawa zile za daraja la juu ni ghali.

Ndugu wawili wasitumie ridi moja. Kipulizio kioshwe kwa maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto.

Kabla ya kuhukumu, lipo jaribio rahisi. Kipulizio kichomolewe, ridi ifungwe ncha kwa ncha, nayo ioneshe upana wa unywele tu wa kipulizio juu yake. Meno ya juu yakae juu ya kipulizio, mdomo wa chini ufunike meno ya chini, kisha mtoto apulize hicho peke yake. Akitoa sauti moja iliyotulia kwa hesabu ya nne, ala irudishwe pamoja na mazoezi yaendelee. Asipoweza, ajaribu ridi iliyo laini kwa nusu nambari.