Kubana Diski ya Kompyuta: Nafasi Inayopatikana na Hasara Yake

Minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, mfanyabiashara wa Nachingwea au Ruangwa anayetunza hesabu kwenye kompyuta ya zamani, tuseme ya Windows 7, huweza kukuta diski imejaa. Njia ya haraka ni kubana diski nzima. Haigharimu hata senti, lakini ina hasara zake.

Kubana ni kuandika taarifa kwa ufupi: yale yanayojirudia huwekwa mara moja tu. Faili likifunguliwa, kompyuta hulazimika kulikunjua upya. Kwa hiyo nafasi hiyo hulipiwa kwa kasi ya mashine, na iliyozeeka ndiyo huumia zaidi.

Aidha, si kila faili hubanika. Orodha za mizani za Excel ya zamani, zinazoishia na .xls, hupungua sana. Zinazoishia na .xlsx, pamoja na picha za stakabadhi za ghala, zimekwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa. Kuzibana tena ni kutwanga maji kwenye kinu. Ili kujua faida uliyopata, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha linganisha Size na Size on disk. Tofauti yake ndiyo nafasi uliyookoa.

Hatari kubwa ni kubana diski yote ya C. Faili la kuwashia mashine likibanwa, kioo huandika "BOOTMGR is compressed" na Windows haiwaki. Hata hivyo, hesabu zako hazijapotea. Zimo ndani ya diski. Fundi akishauri kufuta diski na kuanza upya, mkatalie kwanza. Ajaribu Startup Repair kwa DVD ya Windows 7, au aifunge diski kwenye kompyuta nyingine na kunakili hesabu.

Kama mashine inawaka ila imekuwa nzito, fuata hatua hizi:

1. Nakili hesabu zote kwenye diski ya nje.
2. Hamisha picha na video, kwani mafaili yakikunjuliwa hudai nafasi zaidi.
3. Fungua Properties ya diski C, ondoa alama ya vema kwenye "Compress this drive to save disk space", kisha bofya Apply.
4. Usizime mashine kabla kazi haijaisha. Umeme ukiwa wa kukatika, tumia UPS.

Baadaye, bana folda za misimu iliyopita pekee. Ikumbukwe pia kuwa Windows 7 iliacha kupokea marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 14, 2020.

Kwa mwenye mtaji mdogo, diski ya nje ndiyo matumizi ya kwanza. Siku ya malipo, kilo zilizoandikwa kwenye mashine ndizo hulinganishwa na stakabadhi ya ghala. Zikikosekana, mkulima na mnunuzi hubaki kubishana kwa kumbukumbu za kichwani.