Kalamu ya Askofu wa Mkunazini

Kiburi cha viongozi wa kanisa hutafutwa zaidi kwenye magari, majoho na viti vya mbele, ilhali historia ya Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, inaonyesha kuwa kinaweza pia kukaa na mtu asiyejali mali hata kidogo. Frank Weston, aliyefika Unguja mwaka 1898 kama mmisionari wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, akafundisha katika shule ya misheni ya Kiungani kisha akawa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908, aliishi kifukara na kukagua mitaa yake ya bara kwa miguu. Mamlaka, hata hivyo, aliyashika kwa mkono mzito.

Mwezi Juni 1913, maaskofu wawili wa Kianglikana, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, walikutana huko Kikuyu, katika Kenya ya leo, na Wapresbiteri, Wamethodisti na wengineo kupanga shirikisho la misheni zao, na mkutano ulipofungwa wajumbe hao wasio Waanglikana wakapokea kwa Peel Ushirika Mtakatifu, yaani mkate na divai ya meza ya Bwana. Weston akamtaka Askofu Mkuu wa Canterbury, Davidson, awashitaki wote wawili kwa uzushi, ambao ni mafundisho yanayopotosha imani, pamoja na mfarakano. Davidson aliikabidhi kesi kwa kamati, na jibu lililotoka mwaka 1915 lilijaa tahadhari hivi kwamba Waingereza walitania kuwa tendo la Kikuyu lilimpendeza sana Mungu ila lisirudiwe kamwe.

Mwaka huohuo Weston alivuka mpaka zaidi, akatangaza kuwa dayosisi yake haina tena ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa sababu tu askofu huyo alimteua mwanatheolojia B. H. Streeter kuwa kanoni, yaani padri mwenye kiti katika kanisa kuu. Hapo ndipo penye kasoro, kwa kuwa Mkristo wa Mbweni, Unguja, ambaye huenda hakuwahi kulisikia jina la Hereford, aliingizwa katika ugomvi wa askofu wake.

Hata hivyo, ni ukali huohuo uliomfanya Weston aandike, mwaka 1920, kijitabu cha kuishutumu serikali ya nchi yake kwa kuwalazimisha Waafrika wa Afrika Mashariki kufanya kazi, na mtu mpole zaidi huenda asingalikiandika.