Mwalimu Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kuwaandaa Walimu Tarajali wa Tarime na Serengeti



Katika vikao vya kamati za sharika, ombi linalojirudia ni kompyuta kwa ajili ya shule. Wafadhili nao huuliza zinahitajika ngapi. Sisi wa ofisi ya miradi tunaomba swali jingine litangulie: ni nani atakayezitumia kufundishia? Makala hii inaeleza kwa nini tunashauri msaada uanzie kwa mwalimu angali chuoni.

Tulikotoka

Taifa letu lilipata Sera ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) mwaka 2003. Mwaka 2005 Serikali, kwa msaada wa Sweden kupitia Sida, ilianza mradi wa TEHAMA katika vyuo vya ualimu vya Serikali, ambavyo wakati huo vilikuwa 34. Mwaka 2007 ikafuata sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Mkoani kwetu Mara kuna vyuo vya Tarime na Bunda. Kwa hiyo njia ilikwisha kufunguliwa. Kazi iliyobaki ni kuifikisha shuleni.

Kujua kompyuta si kujua kufundisha kwayo

Mwanachuo anaweza kuandika barua na kupanga alama za mtihani kwa kompyuta, lakini akiingia darasani akarudi kunakilisha ubaoni. Mwongozo wa UNESCO kwa walimu, uliotolewa mwaka 2008 na kuboreshwa mwaka 2011 na 2018, unapanga ujuzi huu katika ngazi tatu: kupata maarifa, kuyapanua, na kuunda maarifa mapya.

Tuchukue somo la mzunguko wa damu. Mwalimu ambaye hakuandaliwa ataonyesha picha za video tangu mwanzo hadi mwisho, na watoto watafurahi kama wanaotazama sinema. Aliyeandaliwa ataisimamisha video kabla damu haijaingia kwenye mapafu, awaulize wanafunzi itaelekea wapi na kwa nini, awaache wabishane, ndipo aendelee. Kwa mtoto aliyekua akizungumza Kikurya au Kingoreme nyumbani, picha iliyosimama humpa nafasi ya kuyafikia maneno mapya. Mashine ni ile ile. Tofauti ni mwalimu.

Umeme na intaneti

Wengi hudhani bila intaneti hakuna kinachowezekana. Sivyo. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huwezesha kusoma Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, bila mtandao, ikishapakuliwa mara moja mjini.

Umeme nao unahesabika. Kompyuta mpakato hutumia wati 50 hivi. Kompyuta ya mezani na kioo chake huweza kufika wati 150 au zaidi. Paneli ya sola ya wati 100, kwa saa tano za jua kali, hutoa takriban wati-saa 400 baada ya upotevu. Hizo zinatosha mpakato mmoja kwa saa saba hadi nane, au ile ya mezani kwa saa zisizofika tatu. Ndiyo maana hatushauri kupokea shehena ya kompyuta kuukuu za mezani, hata zikitolewa bure.

Simu ya mwalimu na usalama wa binti

Wilayani Serengeti, wapenda ramani wa kujitolea wa Crowd2Map, walioanza mwaka 2015, wamechora vijiji ambavyo havikuwa kwenye ramani, ili mabinti wanaokimbia ukeketaji wafikiwe haraka na kupelekwa nyumba salama Mugumu. Teknolojia inaokoa.

Lakini inaweza pia kusaliti. Picha ya binti iliyotumwa kwenye kundi la simu huwaonyesha wanaomtafuta alipo. Msimu wa ukeketaji mara nyingi huangukia Desemba, na mwalimu huwa miongoni mwa watu wa kwanza ambao binti huwaambia. Kwa hiyo mwalimu tarajali afundishwe kutopiga picha ya mtoto aliye hatarini, kutotaja alipo, na kupeleka taarifa kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii. Ulinzi wa taarifa za watu una sheria yake tangu mwaka 2022.

Ombi letu

Kwa kamati za sharika: wanachuo wanapokuja shule za jirani kwa mazoezi ya kufundisha, wapeni chumba chenye mlango imara na umeme ili waandae masomo. Teueni mwangalizi mmoja, na tengeni fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya betri na matengenezo, kwani betri huchakaa hata ikitunzwa vizuri.

Kwa wafadhili: kabla ya kununua mashine, gharimieni mafunzo ya wakufunzi na ufuatiliaji wa wanachuo wakiwa darasani. Mashine tano zenye walimu walioandaliwa zitazaa kuliko hamsini zilizofungiwa stoo.