Kabla ya kununua mtambo wa kumbukumbu, uliza mlango wa kutokea

MFANYABIASHARA mwenye maduka matatu ya vipuri, moja Kariakoo, jingine Mwanza na la tatu Mbeya, anaweza kuwa na mtaji wa mamilioni ya shilingi uliolala stoo bila yeye kujua. Beringi namba 6203 imeandikwa Kariakoo kwa jina moja, Mwanza kwa jina jingine, na huko Mbeya karani ameiandika kwa namba ya rafu tu. Mwenye mali akiagiza kontena jipya anaagiza bidhaa ambayo tayari imejaa Mwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata mali yenye madaftari matatu yasiyosomana hupotea vilevile.

Hapo ndipo wauzaji wa mitambo ya kumbukumbu za biashara wanapobisha hodi. Kila mmoja ana jina kubwa, kila mmoja ana picha nzuri za kuonyesha kwenye skrini, na kila mmoja anasema wa kwake ndio bora. Mwenye duka naye huuliza swali lililozoeleka: upi mzuri na ni shilingi ngapi? Safu hii wiki hii inasema swali hilo ni la mwisho, wala si la kwanza. Mtambo wa kumbukumbu ni rahisi kuuingia na ni mgumu kuuacha, na gharama kubwa ya biashara hii huanzia pale mteja anapotaka kutoka akakuta mlango umefungwa.

MAKUNDI MATATU SOKONI

Ili tuelewane, mitambo iliyoko sokoni tuigawe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la kulipia leseni. Humo wamo Oracle ya Marekani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1977, na Microsoft yenye SQL Server. SAP ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1972, huuza mfumo mzima unaounganisha uhasibu, stoo, manunuzi na mishahara. Faida ya kundi hili ni kwamba mafundi wake wanajulikana na kuna kampuni ya kuibana mambo yakiharibika.

Kundi la pili ni la programu huria, ambazo mtu huzichukua bila kulipia leseni. PostgreSQL chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, katika mradi ulioanza mwaka 1986. MySQL ilitoka Sweden mwaka 1995, na MariaDB ni tawi lililochipuka kutoka humo mwaka 2009. Hizi si programu za kubahatisha, maana zinabeba kazi za makampuni makubwa duniani. Lakini bure ni ile programu tu. Fundi wa kuiweka, kuilinda na kuichukulia nakala hula mshahara kama mtu mwingine.

Kundi la tatu ni la kukodi, wanaloliita mawingu. Amazon, Microsoft na Google huhifadhi data za mteja kwenye kompyuta zao, naye hulipa kila mwezi kadiri anavyotumia. Wote watatu wamefungua vituo Afrika Kusini, Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Mpangaji hana haja ya kununua seva wala jenereta ya kuilinda, lakini hana pia uwezo wa kuamua kodi ya mwakani.

BEI YA KUNUNUA NA BEI YA KUISHI NAYO

Tuchukue hesabu moja ya wazi. Katika orodha ya bei ya Oracle, toleo lake kubwa la kanzidata limekuwa likiuzwa dola 47,500 kwa kila prosesa, na huduma ya mwaka ni asilimia 22 ya bei hiyo, yaani dola 10,450. Mteja akilipa huduma miaka mitano atakuwa ametoa dola 52,250, zaidi ya bei aliyonunulia. Jumla yake ni dola 99,750. Wakubwa hupewa punguzo, na mwenye maduka matatu hana haja ya toleo hilo hata kidogo. Somo lake hata hivyo linamhusu kila mmoja: bei anayotajiwa mezani ni nusu tu ya habari.

Nusu ya pili ina dola ndani yake. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa shilingi 2,300 na ushei hapa Tanzania. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,600. Aliyekuwa akidaiwa dola 1,000 kwa mwaka aliongezewa takriban shilingi laki tatu bila muuzaji kupandisha hata senti. Anayeuza kwa shilingi na kulipa mtambo kwa bei inayofuata dola amejiingiza katika biashara ya fedha za kigeni, hata kama duka lake ni la beringi.

Vipo pia vya bure vyenye kikomo. Toleo la bure la SQL Server lilikuwa na kikomo cha gigabaiti 10 kwa kila kanzidata hadi toleo la 2022, na katika toleo la 2025 kikomo kikapandishwa hadi 50. Kwa duka la kawaida hizo ni nyingi. Lakini ni vyema kujua mapema ukuta uko wapi, maana anayeugonga katikati ya msimu wa mauzo hununua leseni kwa bei yoyote atakayotajiwa.

DAFTARI CHAFU HALITAKASWI NA MTAMBO

Wapo wanaodhani mtambo mpya utasafisha kumbukumbu za zamani. Waulize walioshuhudia kuanguka kwa Target nchini Kanada. Duka hilo kubwa la Kimarekani liliingia huko mwaka 2013 na mfumo mpya wa SAP, na taarifa za bidhaa zikaingizwa kwa haraka. Iliripotiwa baadaye kuwa nyingi zilikuwa na makosa, hata vipimo vya maboksi vikaandikwa kwa inchi mahali palipotakiwa sentimita. Maghala yakafurika wakati rafu za madukani ni tupu. Januari 2015 kampuni ikatangaza kufunga maduka yote 133. Haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa miongoni mwa kubwa.

Lidl ya Ujerumani nayo ilikuwa na tatizo la namna nyingine, ambalo kila mwenye duka atalielewa. Lidl ilizoea kuhesabu thamani ya mali ya stoo kwa bei ya kununulia, wakati mfumo wa SAP iliouchukua ulijengwa kwa kutumia bei ya kuuzia. Badala ya kubadili desturi yake, ikaagiza mfumo ndio ubadilishwe. Kazi iliyoanza mwaka 2011 ilisimamishwa mwaka 2018, na gharama iliyotajwa na vyombo vya habari ni kiasi cha euro milioni 500. Mtambo ulikuwa na jina, na mnunuzi alikuwa na fedha. Kilichokosekana ni makubaliano ya mapema juu ya nani atamfuata mwenzake.

Kwa mwenzetu wa vipuri, maana yake ni hii. Kabla ya kukaribisha muuzaji yeyote, aite makarani wake watatu wakubaliane beringi ile iitwe nani, ipewe namba gani na ihesabiwe kwa bei ipi. Kazi hiyo haihitaji leseni. Inahitaji siku chache za kuhesabu mali na mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho.

MLANGO WA KUTOKEA

Sasa tufike kwenye kiini. Wauzaji hubadilika, na mara nyingi hubadilika baada ya wewe kulipa. MySQL ilinunuliwa na Sun mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikamezwa na Oracle. Waliokuwa na wasiwasi walikuwa na pa kukimbilia, kwa sababu programu ni huria na mwanzilishi wake mmoja, Michael Widenius, alikuwa ameshaanza MariaDB. Walihama bila kuandika upya kila kitu.

Linganisha na wateja wa VMware, programu inayowezesha seva nyingi kukaa ndani ya mashine moja. Broadcom ilikamilisha kuinunua Novemba 2023, na Desemba hiyohiyo ikaacha kuuza leseni za kudumu. Mteja aliyezoea kununua mara moja akaambiwa sasa ni kulipia kwa vipindi. Aliyekuwa na njia ya kutoka alijadiliana akiwa wima, na asiyekuwa nayo alilipa.

Mawingu nayo yana mlango wake. Kwa miaka mingi mpangaji aliyetaka kuhamisha data zake nje alitozwa ada kwa kila gigabaiti. Januari 2024 Google ilitangaza kuwaondolea ada hiyo wanaohama moja kwa moja, na Machi mwaka huohuo Amazon na Microsoft wakafuata. Ni nafuu, ila ina masharti, na msomaji ayasome kabla ya kutia sahihi.

Usalama wa mpangaji pia hautoki kwa mwenye nyumba peke yake. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kumbukumbu zao moja kwa moja. Huku kwetu, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Duka ambalo haliwezi kutoa risiti bila mawingu lilikuwa limefungwa siku hiyo, hata kama milango yake ilikuwa wazi.

Sheria nayo imeingia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina ya wateja, namba zao za simu na madeni yao ya mali kauli ni taarifa binafsi, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Anayekodi kompyuta iliyoko nje aulize data zitakaa nchi gani, kisha ahakikishe kuwa masharti hayo yametimizwa.

KWA WENYE HISA

Msomaji asiye na duka bali ana hisa chache asifikiri haya hayamhusu. Mwaka 1999 Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, walibadilisha mifumo yao kwa mradi wa dola milioni 112, wakauwasha mwezi Julai oda za Halloween zikiwa zinaanza kumiminika. Oda za kiasi cha dola milioni 100 hazikuweza kupelekwa ingawa chokoleti ilikuwepo ghalani. Faida ya robo ya tatu ya mwaka ilishuka kwa asilimia 19, na bei ya hisa ikashuka nayo.

Kwa hiyo kampuni unayomiliki hisa zake ikitangaza mfumo mpya, usiishie kupiga makofi. Simama katika mkutano mkuu wa mwaka uulize mambo mawili: mfumo utawashwa mwezi gani ukilinganisha na msimu wa mauzo, na wa zamani utaendelea kufanya kazi sambamba kwa muda gani. Majibu hayo yatakueleza juu ya gawio la mwakani kuliko jina la mtambo.

USHAURI WA WIKI

Mwenye duka moja na karani mwaminifu bado anaweza kukaa na Excel, mradi nakala ya kila jioni iwekwe nje ya duka. Mwenye matawi matatu hadi kumi, safu hii inampendekezea programu huria, PostgreSQL au MariaDB, iwekwe na fundi wa kudumu au wa mkataba, kwa sababu akigombana na fundi anaweza kumwita mwingine na daftari likabaki lake. Leseni kubwa ni za wale ambao saa moja ya kusimama kazi ni hasara kubwa kuliko ada ya mwaka. Mawingu yanamfaa ambaye umeme na ulinzi wa seva ni mzigo kwake, lakini mauzo ya siku yaweze kurekodiwa hata intaneti ikikatika.

Kwa vyovyote vile, muuzaji aulizwe mambo matatu, na majibu yawe ndani ya mkataba. La kwanza, je, naweza kutoa data zangu zote wakati wowote bila malipo ya ziada, katika faili la kawaida ambalo programu nyingine italisoma? La pili, toleo hili litahudumiwa hadi tarehe ipi? Hili si swali la bure, kwani huduma ya SQL Server 2014, kwa mfano, ilikoma tarehe 9 Julai 2024, na wako walionunuliwa mtambo bila kuambiwa siku ya mwisho. La tatu, jumla ya gharama za miaka mitano ni shilingi ngapi, na dola ikipanda nani anabeba?

Kisha mwambie akuonyeshe papo hapo. Atoe orodha yote ya bidhaa na madeni kutoka kwenye mtambo wake, aiweke kwenye kompyuta nyingine, aifungue. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua. Akianza kusema hilo litashughulikiwa baadaye, mpe chai, mshukuru kwa kuja, na mwambie arudi siku atakapokuwa ameuona mlango.